Taa za Kambi na Dirisha Langu

Mwenye ploti ninapopanga alipojenga jengo la pili hapa Gitothua, alilisukuma mpaka dirishani kwangu. Nikifungua dirisha nagusa ukuta. Saa sita mchana ndani ni giza totoro. Nilienda kwake nikafoka, akaniambia mlango uko wazi, nihame. Nihamie wapi, na Ruiru nzima inajengwa hivyo?

Basi kwa sababu ya giza hilo nikaanza kutengeneza taa, nikawa nawauzia watu wa kupiga kambi. Naokota laptop zilizokufa kwa mafundi wa Thika, natoa betri ndogondogo ambazo bado zina uhai, naziunga na balbu za LED ndani ya mkebe mweupe wa mafuta ya kujipaka. Ni volti tatu na kitu tu, lakini taa inakesha. Mimi mwenyewe sijawahi kulala kwa hema.

Juzi mteja kutoka mtaa wa Kahawa Sukari aliniuliza kama nimeijaribu taa hiyo mahali penye giza kweli.

"Nimeijaribu mahali penye giza hata mchana."

Macho yakamtoka. "Huo ni msitu gani? Wanakubali watu kulala?"

"Wanakubali," nikamwambia. "Mimi nimelala huko miaka tisa."