Safari Mbili za Mvumi kwa Gitaa Moja

Kilichonitoa nyumbani Ipagala Jumamosi ile ni mdomo wangu. Mjomba Festo ana banda la kutengeneza redio na spika sokoni, na hununua ala za muziki zilizochoka akaziuza zikiwa zimechangamka. Alipata mteja wa Dar anayetaka gitaa la pedali la zamani, na alijua liliko: Mvumi, kwa mzee Ndahani, aliyeachiwa gitaa hilo na Mmarekani mchimba visima kabla mama yangu hajazaliwa. Ila mjomba alikuwa anaumwa mgongo. Nikajitosa: "Nitume mimi. Nikibembeleza mimi, hata mwalimu wa nidhamu hunipa kiti."

"Kazi yako ni moja," akasema. "Likague. Ukiona kasoro, shusha bei. Usipoiona, toa bei niliyomtajia, shukuru, rudi."

Kwa wasiolijua, gitaa hili halishikwi kifuani. Linasimama kama meza ndogo ya miguu minne, nyuzi zikitazama juu. Mkono unatelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi, mguu wa kushoto unakanyaga pedali chini, na sauti inapanda huku inalia, kama mtoto anayeanza kudeka. Pedali zinavuta nyuzi kwa vijiti vya chuma vilivyonasa kwenye ndoano chini ya meza. Vikumbukeni hivyo vijiti.

Asubuhi hiyo nilipanda bodaboda ya Chidi, jirani yetu. Tulipoiacha lami tukapita mashamba ya mizabibu, tukavuka makorongo makavu ambako mchanga ulimfanya Chidi aendeshe kama anacheza ngoma. Niliimba njia nzima. Nilifika Mvumi nikiwa na rangi ya tofali.

Nyumbani kwa mzee, mkewe alikuwa uani anapeta uwele.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe wa wapi?"

"Natoka mjini, ila kwetu Iringa. Mimi Mhehe."

Akaweka ungo chini. "Neema," akamwita mjukuu wake, kasichana kadogo kenye mapengo, "fungia mbwa ndani. Mhehe amefika."

Kwa watani kama Wahehe na Wagogo, hiyo ndiyo karibu yenyewe. Nikajibu kwa kumdaka kuku wake mwekundu aliyekuwa anadonoa uwele, nikamfunga miguu mbele ya macho yake. "Huyu ni nauli yangu ya kuja kuwatazama Wagogo."

Bibi akacheka mpaka akajifuta macho kwa kanga. "Chukua, mwizi wewe. Tena alikuwa ananimalizia uwele." Babu zetu walipigana; sisi tunaibiana kuku na hakuna anayenuna.

Ndani, gitaa lilikuwa limesimama dirishani. Mbao zake zina rangi ya asali, zimefifia pale mkono wa mzee ulipolala miaka yote. Nililizunguka, nikagonga, nikachungulia. Kasoro hakuna. Mzee Ndahani akaja na fimbo, akiburuta mguu wa kushoto. Tulipomaliza kusalimiana akasema, "Ngoja nivae shati. Hili silichezi na shati la shambani."

Akaingia chumbani. Bibi yuko uani. Nikapiga magoti na kuchomoa vijiti vyote vitatu kwenye ndoano zake, nikaviacha vimesimama kana kwamba vimeshika. Gitaa bovu, nusu bei, mjomba afurahi, nami nitambe shuleni wiki nzima. Nikajiambia, si utani tu.

Alirudi na shati jeupe lililopigwa pasi. Ndipo akasema neno ambalo laiti angeanza nalo.

"Mwaka jana nilipata kiharusi. Wa hospitali wakaniambia mguu usikae bure, basi kila siku naukanyagisha pedali. Mke wangu anataka niuze, tuweke sakafu ya simenti, nisije nikajikwaa. Nimemwambia, leo nitacheza mbele ya mgeni. Mguu ukitii, gitaa halitoki, utanisamehe. Ukikataa, ondoka nalo."

Hapo ndipo nilipotakiwa kufungua mdomo, mdomo huohuo usiofungika darasani. Nikacheka tu, kwa mazoea.

Akawasha spika ndogo, akaketi, akaanza wimbo wa kanisani, taratibu. Akakanyaga. Sauti ikabaki palepale. Mwenye mguu mzima angehisi pedali imelegea, lakini wayo wake una ganzi. Akakanyaga tena, mpaka goti likatetemeka.

"Mjukuu, chungulia. Pedali inashuka?"

Nikachungulia. Ilikuwa inashuka mpaka mwisho.

"Haishuki, babu."

Akainua kile chuma kwenye nyuzi, akakifuta kwa kitambaa, akaniwekea kiganjani. "Jana mguu ulikuwa unakanyaga," alimwambia mkewe aliyekuwa mlangoni. Nilipotaja nusu bei hakubisha. Alipokea bila kutazama, akaingia chumbani na shati lake jeupe.

Kupakia gitaa lazima vijiti vitolewe, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka. Njiani Chidi akageuka. "Vipi, wamekuroga? Mbona kimya?"

"Nimechoka."

"Wewe? Wewe unaongea hata ukiwa na ugali mdomoni."

Sokoni jioni, mjomba alilifunga gitaa lote upya, akakanyaga pedali, na sauti ikapanda mpaka muuza viatu wa jirani akatoa kichwa. "Gitaa zima kabisa!" mjomba akasema. "Na umelipata kwa nusu? Umetisha, mpwa wangu." Akaninyooshea mkono. Sikuweza kuupokea. Nikamsimulia yote, nikiangalia viatu vyangu.

Alikunja waya mpaka mwisho. "Nilikutuma ukaone kasoro," akasema. "Sikukutuma ukaiweke." Akampigia mteja simu na kumwambia gitaa halipo. Kisha kwangu: "Kesho unalirudisha. Na maneno ni yako, mimi siji kukusemea."

Jumapili, baada ya ibada, niliingia tena ule ua na gitaa. Bibi aliponiona hakumwita mtu afungie mbwa. Hilo liliniuma kuliko kofi. Mzee alikuwa kitandani. Kanisani hakwenda, na tangu jana hakuwa amekanyaga kitu.

Niliyasema yote mlangoni mwa chumba chake. "Nilidhani ni utani," nikamalizia, nikamtoa yule kuku kwenye kikapu nimrudishe.

"Kuku baki naye," bibi akasema. "Huyo ulimchukua nikikuona. Mguu wa mume wangu uliuchukulia chini ya meza."

Mzee akatoka na shati la shambani. Nikaliunga gitaa mbele yake, kijiti kimoja kimoja. Akaketi, akashika chuma, akakanyaga. Nikapiga magoti kama jana.

"Inashuka, babu. Kidogo, lakini inashuka."

Hakunitazama. "Neema," akaita, "njoo uchungulie wewe."

Neema akalala kifudifudi kwenye sakafu ya udongo, shavu vumbini. "Inashuka, babu."

Ndipo akaendelea. Sauti ilipanda, ikasita, ikafika chini kidogo ya pale inapotakiwa. Akarudia. Bibi akanirudishia pesa za mjomba, zile ambazo zingeweka simenti, na mimi nikaondoka bila kusindikizwa.

Nilichojifunza Mvumi ni kwamba utani haupewi jina baadaye. Lazima mwenye mali awe anakuona, naye aweze kucheka. Yule kuku yuko uani kwetu Ipagala, anataga vizuri. Mama akikaanga mayai, wenzangu wanakula. Mimi husema nimeshiba.