Vidonge Nilivyovificha Kwenye Koti

Mwanangu, nimesikia unampeleka mtoto Mbeya akachomwe sindano za Kichina, kwa vile tangu ile pikipiki ya Ipogolo imuumize ubongo hajakaa sawa. Sikukatazi. Ila moyo wangu hautulii mpaka nikusimulie siku moja ya Mwanjelwa, huko huko Mbeya, ninayoikumbuka kuliko siku ya harusi yangu, na mama yenu asinisikie.

Agnes wangu alikuwa na miaka minne. Malaria ilimpanda kichwani tulipokwenda kulima mpunga Usangu. Alipona, lakini akabaki na degedege, na mkono wa kushoto umekunjika ngumi. Hospitali walitupa vidonge vya kila siku vya kuzuia degedege, wakamfundisha mke wangu namna ya kumnyoosha mkono. Miezi ikapita, ngumi ni ile ile. Mfa maji haachi kutapatapa. Niliposikia habari za Mzee Ambokile, aliyejifunza kuchoma sindano kwa Wachina, nikamwacha mke wangu nyumbani Kihesa na watoto wengine, nikapanga chumba Mwanjelwa.

Sindano zenyewe ni nyembamba kama unywele, wala hazina dawa ndani. Wiki ya tatu vidole viwili vikafunguka. Nililia mbele za watu, mwanangu!

Hapo ndipo ujuaji uliponiponza. Mimi ni mkulima. Nikitaka kujua mbegu ipi inazaa, naipanda peke yake. Nikajiambia, nitajuaje kama ni sindano au ni vidonge? Basi vidonge nikavitia kwenye mfuko wa koti, nisimwambie mtu. Siku ya kwanza salama. Ya pili salama, nikajiona daktari. Ya tatu, tukiwa kwenye benchi tunasubiri zamu, Agnes akakakamaa mikononi mwangu, macho yakageuka juu.

Mzee Ambokile alitoka, akamlaza ubavu, akakataza watu wasimtie kijiko mdomoni.

"Dawa yake ya asubuhi amekunywa?"

Nikajifanya namfuta mtoto mate. Degedege haikatiki.

"Bwana mdogo, si nakuuliza wewe!"

Nikavitoa vile vidonge. Vingine vikamwagika chini.

"Nani alikwambia sindano zangu zinashika nafasi ya hivi? Mwana si shamba la majaribio. Mbegu ikikataa utapanda tena mwakani. Huyu je, utampanda wapi?"

Hakumgusa kwa sindano hata moja. Alisimamisha gari, akatupeleka hospitali yeye mwenyewe, akamweleza daktari kila kitu, mpaka sehemu alizokuwa akimchoma. Mficha uchi hazai, na mimi nilikuwa nimeficha. Nilikaa pale nikihesabu pumzi za mwanangu, kila moja nikidhani ndiyo ya mwisho. Daktari naye hakunificha: hakuna uhakika kwamba sindano humponya mtoto aliyeumia ubongo. Nikitaka niendelee, lakini vidonge na mazoezi visiguswe.

Agnes alifungua macho jioni. Vile vidole viwili vilikuwa vimekunjika tena, na mpaka leo havijafunguka. Sasa ni mtu mzima, ananimiminia chai kwa mkono wa kulia, nami macho yangu yanakwenda kwenye ule wa kushoto. Sijui nani aliufungua, kama ni sindano, ni vidonge, ni mama yake kwa kuunyoosha miezi yote ile kabla hatujaondoka, au ni Mungu tu. Aliyeufunga namjua.

Kwa hiyo muulize kwanza daktari wa mtoto. Ukienda, mtu wa sindano ajue dawa zote anazokunywa, na wa hospitali ajue habari za sindano. Atakayekuambia uache dawa, mbebe mwanao uondoke, hata kama mlishalipa nauli ya mbali. Na hamu ya kujua ni kipi kilichoponya, hiyo iache kabisa. Wewe omba apone.

Mungu awatangulie kwenda na kurudi, ampe huyo mtoto usingizi usio na mshtuko, na wewe akuepushe na koti kama langu.