Ratiba ya Ngazi Niliyompangia Mke Wangu

Moyo wa mke wangu niliusikia ukivuja miaka minne kabla sijamfikisha kwa daktari.

Nikacheka.

Mimi ni fundi wa pampu za maji. Sikusomea popote. Nilijifunza kwa kufungua mashine mbovu na kusoma vijitabu vya maelekezo, ndiyo maana pale karakana wakanibatiza Profesa. Pampu ikiletwa siifungui kwanza. Naweka ncha ya bisibisi ubavuni mwake, mpini naugandamiza sikioni, nasikiliza. Valvu isiyofunga vizuri ina sauti yake. Inakoroma kidogo, halafu inapuliza.

Mwezi wa kwanza wa ndoa nililaza kichwa kifuani kwa mke wangu, nikaisikia sauti ileile.

"Wewe una valvu inayovuja," nikamwambia.

Alivuta kanga akajifunika kifua. Kisha akasema, "Basi nirudishe dukani."

Tukacheka wote wawili, yakaisha.

Mke wangu alikuwa msusi. Ana mikono myepesi, wateja walikuwa wanagombania nafasi. Ila alikuwa mtu wa kukaa. Akisuka kichwa kimoja, anakaa. Akifua mashuka mawili, anakaa. Tunaishi ghorofa ya pili, ngazi thelathini na nne, na kila siku alisimama kwenye ya kumi na mbili akajifanya anatafuta kitu mkobani.

Mama yangu anaishi nasi, na mdomo wake hauna breki.

"Mwanangu, umeoa au umenunua kochi?"

Mke wangu alitabasamu, akaendelea kumenya viazi. Amekaa.

Mimi si mtu wa kelele. Sijawahi kumpiga, sijawahi kumkaripia.

Nilimpangia ratiba.

Alipofikisha miezi mitano ya ujauzito, miguu ilivimba, akawa hawezi kulala bila kuegemea mito mitatu. Kliniki walimpima tumbo na uzito, kifua hakuna aliyekigusa. Nikasoma kwenye simu kwamba mjamzito anatakiwa afanye mazoezi. Nikachora jedwali: kupanda na kushuka ngazi mara tatu kila jioni, na muda aliotumia. Mimi nasimama juu na saa.

"Mama Kijacho, jana ulitumia dakika nne. Leo tujaribu tatu na nusu."

"Kifua kinabana, Fundi."

"Kinabana kwa sababu hujakizoesha."

Nilisema kwa upole kabisa. Leo ule upole ndio unaonitia kichefuchefu.

Mama alikuwa anatoa kiti chake mlangoni ili aone vizuri. "Mimi nilibeba mimba sita na ndoo kichwani. Hawa wa siku hizi wanabeba moja, wanahema kama wamebeba jeneza."

Siku ya kumi na tisa mke wangu alikaa kwenye ngazi ya kumi na mbili, hakuinuka. Nikampa dakika moja. Nikaandika kwenye jedwali: amegoma.

Kisha akakohoa. Kilichotoka kilikuwa povu, na lile povu lilikuwa na rangi ya waridi.

Hospitali tulimkuta daktari mwanamke wa maneno machache. Alimsikiliza kifuani, akahamisha kifaa, akasikiliza tena. Wakampiga picha ya moyo kwa mashine kama ile ya kumwangalia mtoto tumboni. Akanionyesha kwenye kioo.

"Hii valvu ni mlango wa kutoka chumba cha juu kwenda cha chini. Wake umeshikana, umebaki kama tundu la kifungo, na hata kufunga haufungi vizuri. Damu inakwama, inarudi nyuma kwenye mapafu. Mimba imeongeza damu, mlango ni uleule. Mke wako alikuwa anazama, ila maji yalikuwa yanatoka ndani yake."

Akamgeukia mgonjwa. "Utotoni uliwahi kuumwa koo, baadaye viungo vikavimba, maumivu yakawa yanahamahama?"

Mke wangu aligeuza uso. Alimtazama mama yake mdogo, aliyemlea, ambaye alikuwa amesimama miguuni pa kitanda.

"Akiwa na miaka tisa," mama mdogo akasema. "Koo la kawaida tu, tukampa maji ya chumvi asukutue. Wiki ya tatu goti likavimba, kesho yake kiwiko. Tukaambiwa ni homa ya baridi yabisi na imeshagusa moyo. Achomwe penisilini kila wiki nne, asikose. Nilimpeleka mwenyewe mpaka akawa mtu mzima."

"Sindano ya mwisho lini?"

Mama mdogo akamgeukia mke wangu.

"Kabla ya harusi," mke wangu akanong'ona.

Daktari akavua miwani. "Sindano ilikuwa inazuia ile homa isirudi. Ukiacha, kila koo linalouma linaweza kuja kumalizia kazi."

Nilimtoa mama mdogo mpaka koridoni.

"Mlinipa mgonjwa mkanyamaza."

"Baba, kadi ya sindano alikuwa nayo mwenyewe. Mimi nilijua anaendelea..."

"Nenda. Nisikuone tena kwenye kitanda cha mke wangu."

Alikuwa amebeba blanketi na chupa ya maji ya moto. Akaviweka sakafuni taratibu, akaondoka bila kugeuka.

"Afadhali," mama yangu akasema kutoka kwenye benchi la koridoni. "Walikubambikia mbovu hao."

Siku ya tatu moyo wa mtoto ulinyamaza tumboni. Wakamtoa. Alikuwa msichana.

Siku ya tano, saa ya kuona wagonjwa, mke wangu alinishika mkono wa shati nisogee.

"Umemfukuza mama mdogo?"

"Alinidanganya."

"Hakukudanganya. Sindano niliacha mwenyewe." Akapumzika, akavuta pumzi. "Unamkumbuka yule mchomeleaji wa pale karakana kwenu? Mchumba wake alikuwa anachomwa sindano kila mwezi tangu utoto. Akakuuliza, Profesa, nioe nisioe?"

Nilikumbuka. Nilikumbuka mpaka shati nililovaa.

"Ukamjibu, 'Mashine inayotaka fundi kila mwezi, mwachie mwenyewe.' Karakana nzima ikacheka. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kreti, nasubiri unitengenezee draya yangu ya saluni. Ndiyo wiki tuliyoanza kuzungumza. Asubuhi ile nilikuwa nimetoka kuchoma sindano, kadi iko mkobani."

Sikuweza kumtazama.

"Uligeuka kuona kama nimecheka," akasema. "Nikacheka."

Mchomeleaji alimwacha yule dada kabla wiki haijaisha. Akaja kunishukuru, na mimi nikaona nimemsaidia.

Kengele ya kuwatoa wageni ikalia, na Mungu anisamehe, nilifurahi kuisikia.

"Kesho tutaongea," nikamwambia.

Kesho yake kazini nilipanga maneno kuanzia asubuhi. Nitaanza na hili, nitamalizia na lile. Nilipofika wodini, pazia la kitanda chake lilikuwa limevutwa.

Daktari alinieleza akiwa amesimama. Chumba cha juu cha moyo kilikuwa kimetanuka, mapigo yakapoteza mpangilio, damu ikatuama na kuganda. Dawa ya kuzuia damu isigande walishaanza kumpa. Bonge la damu likawahi, likapanda kwenye ubongo. Likachukua mkono wa kulia, mguu wa kulia, na kauli.

Ni mwaka wa tatu sasa. Ile valvu walikuja kuipanua, anahema vizuri kuliko wakati wowote nilipomjua. Vidole vya kusukia vimejikunja. Nilikwenda mwenyewe kwa mama mdogo, nikapiga magoti kizingitini. Alichukua mfuko wake, akanitangulia njiani, na mpaka leo ndiye anayemwogesha.

Nimeandika haya kwa ajili yako uliyesoma mpaka hapa. Mtoto akiumwa koo na homa, mpeleke akapimwe, na dawa amalize. Goti likivimba, kisha kiwiko, usiseme anakua. Anayehema ngazini usimpimie muda, mpeleke akasikilizwe kifua. Mwenye sindano ya kila mwezi msindikize, maana akikosa hataona tofauti kesho, ataiona baada ya miaka.

Na kabla hujamfanyia mzaha mgonjwa ambaye hayupo, angalia ni nani aliyekaa hapo anacheka na wewe.

Katika maneno yote aliyokuwa nayo, mke wangu amebakiwa na moja. Ukimuuliza ana njaa, analisema. Ukimuuliza ameshiba, analisema hilohilo.

Mwezi uliopita tulitoka kuchoma sindano yake. Nikamkalisha kwenye benchi kivulini, nikamfunga kamba za viatu, na nikiwa palepale chini nikamuuliza.

"Umenisamehe?"

"Sawa."

Nikasubiri kidogo.

"Au hujanisamehe?"

"Sawa."