Lambo la Kijani Siku ya Mahari Yangu

Naikumbuka siku moja, mwanangu Hadija, na ningekuwa na uwezo ningeisahau. Kaa hapo kwenye kigoda. Begi liache mlangoni, basi lako la mchana bado. Jana wakati wa kula uliniambia jambo, ukalipitisha haraka kama mtu anayemeza kidonge, ukaendelea na mlenda wako. Mimi sikulimeza. Nimeamka nalo, nimepepeta alizeti nalo tangu alfajiri, na bado limenikaa hapa kooni.

Uliniambia kwamba huko pwani unakofanya kazi ya kupima maji ya bahari, maji yamebadilika rangi, yamekuwa kama chai ya rangi. Ukasema ni vimwani vidogo visivyoonekana kwa macho, ila wewe umeviona kwenye darubini, vimezaliana kupita kiasi na vina sumu. Samaki wadogo wanaelea ufukweni. Ndege mmoja wa baharini mmemwokota akitetemeka, hawezi kuruka. Lakini kombe na chaza wao hawafi. Wanaihifadhi sumu ile mwilini, na anayeumia ni anayewala, hata akiwachemsha kutwa nzima. Nikakuuliza, wanawake wanaookota hao kombe wameambiwa? Ukatazama sahani.

"Bado, bibi. Mkuu wetu amesema tusubiri karatasi kutoka juu, tusije tukatia watu hofu tukaharibu soko. Mimi pale ni mdogo."

Na kesho hii inayokuja ni bamvua, ulisema, bahari itakupwa mbali, na Bi Mwanaidi mwenye nyumba wako atashuka na ndoo yake pamoja na wenzake, kama wanavyofanya siku zote. Ana watoto wanne wanaosubiri mchuzi wa kombe.

Mimi bahari sijawahi kuiona, na watu wa pwani wakinicheka na wacheke. Lakini hilo neno lako, "mimi pale ni mdogo," nalijua vizuri. Niliwahi kulitumia, na sitakubali ulirithi kwangu. Sikiliza.

Nilikuwa msichana wa umri wako, hapahapa Mwankoko, na ilikuwa siku ya kuletwa mahari yangu. Babu yako na watu wa kwao walikuwa wanatoka upande wa Ikungi na ng'ombe, kwa miguu, tangu jana yake. Asubuhi nilishuka lamboni kuteka maji ya kuoshea vyombo vya wageni. Lambo unalijua, lile bwawa la kunyweshea mifugo pale bondeni. Siku hizi limejaa tope, lakini wakati ule lilikuwa na maji mwaka mzima na kambale wa kutosha.

Nilipofika nilisimama. Mvua zilikuwa zimekatika ghafla, jua limewaka siku kadhaa, na samadi ya mazizi yote ya juu ilikuwa imesombwa na kuingia mle. Na unaujua upepo wa Singida, haupumziki. Ulikuwa umesukuma uchafu wote upande wetu. Maji yalikuwa ya kijani kibichi, mazito, kama mtu amemwaga ndoo ya rangi ya milango. Yananuka. Kambale watatu walikuwa wamelala chali ukingoni, na kambale, mwanangu, ni mbishi wa kufa. Ukimtoa majini atakaa kutwa anakutazama. Nikajua hapa kuna jambo. Mbwa wetu Chui alikuwa amenifuata, akanywa kabla sijamfukuza. Hatukufika hata nusu ya njia ya kurudi. Miguu ilimlegea, akaanguka, akatikisika kidogo, basi.

Nikakimbia nyumbani na ndoo tupu. Mama alikuwa jikoni, moshi umemjaa, masufuria matatu motoni. Nikamwambia, "Mama, yale maji ya lambo..." Hakuniacha nimalize.

"Usiniletee habari za maji leo. Nenda kisimani. Halafu uingie ndani ukae. Siku ya mahari binti hana mdomo."

Na kweli, hiyo ndiyo ilikuwa desturi. Siku ile binti anakaa chumba cha ndani na shangazi yake, kajifunika kanga mbili, na wakwe wasisikie hata akikohoa. Nikajiambia, mimi hapa ni mdogo. Wazee wana macho, wataona wenyewe. Unaona? Ni lilelile la kwako.

Sasa kuna jambo ninyi vijana hamlijui, kwa sababu siku hizi mahari inatumwa kwa simu. Ng'ombe wa mahari hawaingizwi uani na kiu. Wakiingia matumbo yamenywea, wazee wa upande wa binti watacheka, watasema mmetuletea mifupa. Kwa hiyo wenye ng'ombe, wakikaribia, huwapitisha kwanza majini wanywe mpaka mbavu zifichike. Ni ujanja, na kila mtu anaujua, na kila mtu anajifanya haujui.

Saa sita hivi nikasikia miluzi. Chumba kile kilikuwa na tundu ukutani la kupitisha hewa, nikachungulia. Nikawaona wanakata kona, wanateremka lamboni, upande wetu huuhuu ulikojaa ule utando wa kijani, kwa sababu ndio ulikuwa karibu. Nikainuka. Shangazi akanishika kanga.

"Unakwenda wapi?"

"Shangazi, yale maji yana sumu. Chui amekufa."

"Chui ni mbwa. Kaa chini. Utatoka mbele ya mkweo hivyo, na mdomo wazi? Unataka kutuaibisha?"

Nikakaa. Nakwambia ukweli wangu wote: sikufungwa kamba, wala mlango haukuwa na kufuli. Shangazi alikuwa mwembamba, ningemsukuma kwa kidole. Nilikaa kwa sababu kukaa kulikuwa rahisi. Nikawasikiliza ng'ombe wanakunywa.

Waliingia uani wakiwa wameshiba maji, vigelegele vikapigwa, baba akatabasamu. Kabla wazee hawajamaliza kusalimiana, jike jekundu la mbele likaanza kutetemeka mapaja. Likaanguka palepale. Likafuata jingine. Nyuma yake wakaanza kuyumba wote, mate yanawatoka, na watu wanakimbia huku na kule na majivu na maziwa na kila dawa waliyoijua. Walibaki ndama wawili tu, wale waliochelewa njiani wasinywe.

Maneno yakaanza. Watu wa Ikungi wakasema tumewaua ng'ombe wao. Watu wa kwetu wakasema wametuletea mizoga inayotembea. Fimbo zikainuliwa. Ndipo kijana mmoja wa upande wa wakwe akapaza sauti, "Kulikuwa na kikongwe pale lamboni! Tumempita ana kicha cha majani, macho mekundu!"

Huyo kikongwe alikuwa bibi yangu, mzaa baba. Alikuwa na kibustani chake cha mboga pembeni ya lambo, upande wa juu ambako upepo unatoka na maji ni safi. Alikuwa amekwenda kuchuma mlenda wa wageni haohao. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni, kama ya kila mwanamke aliyepikia watu miaka hamsini. Lakini ninyi mnajua, na sisi tulijua, watu wakishapoteza ng'ombe na wakaona macho mekundu wanafikiri nini: mchawi. Ndiyo kwanza bibi anaingia uani na mboga zake. Wakamzunguka. Mmoja akamsukuma, akaangukia mawe ya jikoni, na nilisikia mfupa wa mkono ukivunjika kutoka ndani nilikokuwa.

Hapo ndipo nilipotoka. Kanga zilibaki kwa shangazi. Nilisimama katikati ya uwanja, mbele ya baba mkwe ambaye hakutakiwa hata kuniona uso, nikapiga kelele mpaka sauti ikakatika. Nikasema ni maji. Nikasema nimeyaona asubuhi, njooni niwaonyeshe, na atakayemgusa tena huyu bibi atanigusa mimi kwanza. Baba aliniambia nirudi ndani. Nikamwambia sirudi. Sikuwahi kumjibu hivyo baba yangu, na sikuwahi tena, lakini siku ile nilimjibu, na kama angekuwa hai ningemwambia hivyohivyo leo.

Walinifuata. Niliwaonyesha Chui pale njiani, nzi wamemjaa. Niliwaonyesha kambale, na ule utando wa kijani, na kwato za ng'ombe zilizoingia hadi ndani yake. Niliwaonyesha upande wa juu, maji meupe, na nyayo ndogo za bibi. Baba mkwe alichota ule ukijani kwa kijiti, akaunusa, akautupa. Hakusema neno. Alichukua watu wake na ndama wake wawili, akaondoka.

Sasa wewe unadhani bibi alinishukuru. Watu wote walinisifu, hata shangazi, eti binti jasiri. Jioni nilimpelekea uji, mkono wake umefungwa vijiti na kitambaa. Akaniuliza, "Uliyaona saa ngapi?"

Nikamwambia, "Asubuhi, bibi. Jua lilikuwa linachomoza."

Akanywa uji kwa mkono wa kushoto, ukamwagika. Akasema, "Basi mjukuu wangu, usijisifu. Ungesema asubuhi ningekuwa na mikono miwili."

Mkono ule haukunyooka tena. Alikwenda nao kaburini umekunjika hivi, kama mtu aliyebeba mtoto asiyeonekana. Kila alipojaribu kufunga kanga, kila aliposhika ungo, mimi niliona. Wahenga walisema majuto ni mjukuu, na katika nyumba ile mjukuu nilikuwa mimi. Nilikuja kumfungia kanga yake kila asubuhi hadi siku niliyoolewa.

Maana niliolewa, usiogope, usingekuwepo hapa. Babu yako alirudi baada ya mavuno mawili. Na baba mkwe, yule aliyeondoka bila neno, mpaka anakufa hakuruhusu mfugo wake unywe popote kabla ya kuniuliza mbele ya watu, "Mkwe, maji yakoje leo?" Wengine walifikiri ananitania. Mimi nilikuwa nakwenda kuyaangalia.

Mpaka leo nayaangalia. Jua likikaa siku tatu baada ya mvua, nashuka lamboni na fimbo yangu. Wakulima wa vitunguu wanamwaga mbolea huko juu, yote inashuka. Nikiona utando, nakata miiba naziba njia ya mifugo, nasimama hapo. Vijana wa bodaboda wananiita Bibi Lambo. Mwaka juzi bwana mmoja mwenye ng'ombe wengi alikuja kuniambia nimzuie mtu mwingine, siyo yeye. Nikamwambia apite juu yangu kwanza, aone kama nina mifupa milaini. Alizungukia upande wa juu. Magoti yangu yanauma, lakini mdomo bado mzima.

Kwa hiyo usiniambie wewe ni mdogo. Sumu haimwulizi mtu cheo chake. Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na ni kweli, lakini nami nimeona mkuu naye akivunjika kwa sababu wadogo walinyamaza. Mimi niliona kwa macho, wewe umeona kwa darubini; tofauti ni kioo tu.

Huyo mkuu wako mpe shikamoo yake kila asubuhi, hata goti ukitaka pinda, ni mtu mzima. Heshima yake ni hiyo. Ukimya wako si mali yake. Karatasi ikija itakuwa nzuri, itabandikwa ukutani, lakini bahari haitasubiri karatasi ndipo ikupwe. Na soko analoliogopea litaharibikaje zaidi ya siku atakapozikwa mtoto aliyekula kombe wa soko hilo? Mficha maradhi, kifo humuumbua. Tena wakianza kufa watu bila sababu kujulikana, watatafuta wa kumlaumu, na huwa hawamchagui mwenye ofisi. Wanamchagua bibi fulani mwenye macho mekundu.

Inawezekana wakakufukuza. Sikudanganyi. Wakikufukuza, shamba la alizeti lipo, chumba chako kipo, na jembe sijalificha. Nitakula nawe ugali wa uwele na kichwa changu kiko juu. Ila ukirudi hapa na cheo, na huku umenyamaza, nitakupikia, nitakupokea begi, lakini sitaweza kukutazama usoni, kwa sababu nitakuwa najiona mimi ndani ya kile chumba.

Nasaha yangu ni hii, sina nyingine. Ukiona maji yamebadilika, sema. Sema ulichokiona tu, usiongeze chumvi, usipunguze. Waambie kwanza wale watakaokula, halafu ndiyo uwaambie wenye mihuri. Na uliyoyaona asubuhi usiyaweke mpaka alasiri.

Mwenyezi Mungu akupe ulimi usiotetemeka. Akulinde na maji unayoyajua na usiyoyajua, akuwekee mikono yako yote miwili, nawe uwe sababu ya watu wengine kubaki na ya kwao. Watoto wa Bi Mwanaidi wale kesho na keshokutwa wasijue hata walichoepushwa.

Haya. Simu yako hiyo hapo juu ya gunia. Mpigie Bi Mwanaidi, nami nitakaa hapahapa nikusikie. Jua bado halijavuka paa la jikoni, mwanangu. Ingali asubuhi.