Klachi ya Baba Mkwe

Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Huyu wetu hata angetaka, hakuwa na cha kunyoa: kichwa kiling'aa kama sufuria mpya, na mtaa mzima tulimwita Kipara. Hakununa. Alikuwa mwepesi wa kucheka na mzito wa kukata tamaa, na hilo la pili ndilo lililomponza Kipara pale baba mkwe wake alipofariki na kumwachia pikipiki.

Pikipiki yenyewe ilimzidi umri. Marehemu alikuwa mpiga picha wa kuzunguka, na kwa chombo hicho alizifikia harusi za karibu na za mbali, mkewe nyuma amepakata kamera. Kisha klachi ikachakaa, marehemu naye akachakaa, pikipiki ikafunikwa gunia chini ya ngazi. Kila mtu alimshauri Kipara aipeleke kwa fundi. Alijibu kwamba mashine ya kunyolea ina springi, klachi ina springi, na yeye springi hazimtishi.

Kwa kuwa uani kulikuwa na matope, aliiingiza sebuleni, akaiegemeza katikati ya makochi kama mgeni aliyekosa kiti. Kufungua hakukumsumbua. Kufungua hakumsumbui mtu yeyote. Sahani mpya za klachi akazilowesha oili ndani ya beseni la mkewe la kukandia unga. Mkewe alikuwa fundi cherehani, na kazi zake alizishonea hapohapo dirishani. Alilitazama beseni, akamtazama mume, akaendelea kushona. Kipara angependelea atukanwe.

Kuzipanga sahani kulienda vizuri: yenye ngozi ya kizibo, ya chuma tupu, yenye kizibo, ya chuma tupu. Tabu ilikuwa springi. Kila moja ilitaka ikandamizwe huku nati yake ikizungushwa, na kwa kazi hiyo Mungu alimpunja Kipara mkono wa tatu. Springi ya kwanza ilimponyoka ikagonga dari. Ya pili ilitumbukia kwenye kikombe cha chai cha mama mkwe, aliyekuwa kochini akijifanya amesinzia. Mama akaiopoa kwa kijiko, akaifuta kwa ncha ya kanga, akasogea. Alisema marehemu naye alikuwa hivyohivyo, anazirusha halafu anazilaumu. Basi mama akawa anakandamiza kwa dole gumba, mkwe anafunga nati, vichwa vyao vimekaribiana kuliko adabu inavyoruhusu, kila mmoja akitazama pembeni.

Kifuniko kikarudi, waya ukafungwa. Mkono wa klachi ulikuwa laini ajabu. Ulivutika kwa kidole kimoja. Mwingine angeingiwa na shaka. Kipara aliona ni dalili ya kazi safi.

Wakaisukuma hadi barabarani, na mama mkwe akatangaza kwamba wa kwanza kupanda nyuma ni yeye. Kipara alijaribu kumkwepa kwa heshima: pikipiki haijajaribiwa, na tena, mama atashika wapi?

"Mwanangu," mama akasema, akikaza kanga, "kiuno ni cha kushikwa. Twende."

Injini ikawaka kwa kishindo. Kipara akaiachia iteremke kidogo, akakanyaga gia, na pikipiki ikachomoka kama mbuzi aliyekata kamba. Alivuta klachi; haikujibu. Alikanyaga breki, ambazo hakuna aliyezikumbuka siku zote za matengenezo. Zililia tu, hazikushika. Alipunguza mafuta, ikaendelea kujikokota huku ikipiga chafya. Ikabidi azunguke mtaa. Alipita mbele ya kinyozi mwenzake, aliyempungia mkono kwa wivu. Akapita tena. Raundi ya tatu tulikuwa tumetoka wote nje, na mama mkwe alikuwa akitusalimia kila nyumba kwa zamu. Hapo ndipo aliponyoosha mkono, akabonyeza kijichuma fulani kwenye usukani, na injini ikanyamaza.

Kipara aligeuka polepole. "Mama, ulikuwa unajua inazimwaje?"

"Nilikuwa najua," akasema mama. "Marehemu hakuwahi kunizungusha hivi. Kila hatua alisimama kupiga picha."

Klachi ikafunguliwa upya. Kipara akagundua kwamba kati ya mkono wa klachi na sahani hapakuwa na kitu. Kile kijiti chembamba cha chuma kinachozisukuma sahani ziachane hakikuwamo. Akatafuta chini ya makochi, chini ya zulia, mpaka ndani ya buli. Cherehani ikanyamaza. Mkewe alikuwa ametazama mkono wake mwenyewe: kijiti kilikuwa ndani ya mkanda wa gauni, akiusukuma nacho ili ndani iwe nje. Akasema alikuwa amekiokota sakafuni; kimenyooka, tena laini, hajawahi kupata kizuri kama kile.

"Nitakurudishia," akasema, "siku nitakayoona beseni jipya, baba watoto."

Beseni lilinunuliwa kabla duka halijafungwa.

Jumapili iliyofuata, klachi ikiwa inashika na kuachia, breki zikiwa zimepitiwa na fundi kweli, Kipara alimpeleka mama mkwe kwa dada yake upande wa pili wa mji. Mabibi wale wawili hawakuwa wameonana tangu pikipiki ifunikwe gunia. Walishikana mikono mlangoni, wakaanza kuteta habari za marehemu kama vile yuko chumba cha pili anasikia, na Kipara akaachwa uani na glasi ya maji, akinyoosha mgongo.