Chubwi Kwenye Pindo la Mama

Juzi, kwenye bwawa la hoteli moja Kilifi, mhudumu alimkataza mama mmoja kuingia majini na dera lake. Binti yake akanung'unika, "Si nilikwambia uvae kama wenzako?" Yule mama akarudi kitini. Tangu hapo sijatulia.

Alasiri moja ya utoto wangu, ufuo wa Malindi ulinuka mwani na viazi karai. Mama yangu alikuwa ameshona chubwi, vile vipande vya risasi vya mshipi wa kuvulia wa mjomba, kwenye pindo la dera ili lisielee. Shangazi, aliyevaa nguo ya kuogelea iliyoacha mapaja wazi, alimcheka.

"Wifi, utazama na mzigo huo!"

"Bora hivi. Dera likipanda juu, uso wangu nitauweka wapi?"

Mimi nilishika moja tu: atazama. Kazi ya chubwi niliijua, ni kupeleka mshipi chini usionekane tena. Mama alipoteremka majini, chubwi zikimgonga vifundoni, nilimkimbilia nikang'ang'ania pindo, nikalia hadi watu wakageuka. Akawaangalia watu wale, akaangalia maji yaliyomfika magotini, akarudi. Njia nzima ya kurudi nyumbani alinikaza mkono.

Miaka mingi nilijisifu kuwa nilimwokoa. Sasa najua kwamba dera lile alilishona siku kadhaa, na kwamba bahari aliyozaliwa kando yake hakuwa ameiingia tangu avunje ungo.

Hakujaribu tena.