Mbuzi Aliyechinjwa Kabla Shemeji Hajafika

Nilimdanganya mtu mezani kwangu, siku ambayo kanisa zima lilikuwa limekuja kunishukuru. Naanzia hapo, maana nikianzia kwingine nitajitetea, na sina la kujitetea. Jina langu silitaji. Sisi ni watu wa karibu na Kasongo, na huku kila mtu anamjua mama anayefagia kanisa.

Ndiyo, ni mimi. Mume wangu ndiye anayegonga jante, chuma cha gurudumu la lori, iliyotundikwa mbele ya kanisa kuita watu kwenye ibada. Yeye ni mzee wa kanisa. Mimi ni wa ufagio na mkate wa Meza ya Bwana. Tulianza kabla mtoto wetu wa kwanza hajatambaa. Leo mtoto huyo ana mvi.

Mume wangu ana mdogo wake, tumbo moja, anakaa Kabambare. Alilelewa na shangazi yao aliyeolewa na Mwislamu, naye akawa Mwislamu. Jambo hilo halikuwahi kuwatenganisha. Baba yao, kabla hajafa, aliwaachia neno moja: ukoo huu utakula sufuria moja. Kwa hiyo katika kila karamu yetu, iwe Noeli, iwe ubatizo, anayechinja ni shemeji. Anafika siku moja kabla, kisu chake kimefungwa katika kitambaa cha kijani. Anachinja yeye, tunakula wote, na hakuna anayeogopa kuweka mkono kwenye sahani.

Naomba uelewe kisu hicho kilikuwa nini. Katika nyumba ya wazee wa kanisa, yeye hakuwa na wimbo wa kuimba wala sala ya kuongoza. Alikuwa na kisu. Bila yeye hatukuwa na karamu.

Mwaka jana parokia iliamua kufanya ibada ya shukrani kwa ajili yetu wawili. Wachungaji wageni wangekuja. Tukaita ukoo: wa Lusangi, wa Salamabila, na shemeji wa Kabambare.

Jumamosi tulimngoja. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo na simu yake haikupatikana. Jumapili asubuhi mbuzi alikuwa bado amefungwa nyuma ya jiko, anatafuna maganda ya muhogo.

Mume wangu alivaa koti lake. Kabla ya kwenda kugonga jante aliniambia: "Mama, tumungoje. Kama hafiki, tutakula sombe."

Sombe! Majani ya muhogo mbele ya wachungaji wanne, siku yangu mimi!

Nilimjibu vizuri, nikasema ndiyo. Alipopotea kwenye kona, nilituma mtu amwite Papa Sefu, jirani yetu Mwislamu. Nikaambiwa hayupo, ameenda kilioni Lusangi. Basi nikamwita mpwa wangu, ambaye ni shemasi, nikampa kisu cha jikoni. Akasita, akauliza shemeji atasema nini. Nikamwambia achinje upesi, nitaongea na shemeji mwenyewe.

Nilikusudia kweli kumwambia. Hilo nalisema hata kama halinisaidii.

Alifika mahubiri yakiwa katikati, matope hadi magotini. Pikipiki ilikuwa imekwama, akalala njiani, akavuka mto kwa miguu. Alikaa benchi la mwisho, kofia yake juu ya goti, kama anavyofanya kila anapotutembelea. Tulipoitwa mbele, mimi na mume wangu, tukavikwa kitenge na kuombewa, nilimwona shemeji anafuta machozi kwa mkono wenye matope. Katika umati ule wote, ni yeye niliyemwona.

Mezani tulikaa pamoja. Nilipakua wali, nikapakua nyama. Shemeji alinawa, akatazama sahani, akanigeukia huku anatabasamu.

"Shemeji, nimechelewa kidogo tu na mumeshanyanganya kazi yangu. Nani alichinja?"

Wachungaji walikuwa wananitazama. Kitenge kipya kilikuwa begani mwangu.

"Papa Sefu," nikasema.

Alicheka. Akasema Papa Sefu mikono inatetemeka, pole kwa mbuzi. Akasema bismillahi, akala. Nilimwongezea nyama. Ee Mungu, nilimwongezea!

Jumatatu asubuhi alikuwa anafunga mfuko wake kwenye pikipiki, mara Papa Sefu akapita, anatoka Lusangi. Wakasalimiana. Shemeji akamshukuru kwa kazi ya jana. Papa Sefu hakuelewa. Akasema tangu Ijumaa yuko kilioni, ndiyo kwanza anarudi; mbuzi huyo hata harufu yake hakuisikia.

Hakuna aliyepandisha sauti. Shemeji alifungua tena mfuko, kamba moja baada ya nyingine, kisha akanitazama.

"Mbele ya Mungu mimi sina kosa, shemeji. Sikujua. Lakini wewe ulijua. Ungeniambia tu, ningekula sombe, na tungecheka."

Akatoa kile kisu ndani ya kitambaa chake, akampa mume wangu kwa mikono miwili. "Yaya, kaka yangu, kaa nacho. Hapa hakina tena kazi."

Mume wangu alisimama nacho mpaka mlio wa pikipiki ukaisha. Akakiweka juu ya kabati, akaenda shambani. Hakunigombeza siku hiyo wala nyingine. Afadhali angenigombeza.

Nilikwenda kwa mchungaji wetu kuungama. Akatabasamu. Akasema nyama ni nyama, mama, umesamehewa. Tukaomba, nikasema amina. Njiani kurudi ndipo nilipoona: amenisamehe mtu ambaye sikumkosea.

Tangu hapo ndani yangu ni kimya. Nafagia kanisa. Nakanda unga wa mkate. Jante inalia, watu wanakuja, naimba pamoja nao. Hakuna kinachoniuma. Ni kama mkono uliolaliwa: unauona ni wako, unauinua, huusikii.

Noeli iliyofuata hatukuchinja. Wa Lusangi walileta samaki. Wa Salamabila hawakuja.

Kisha mume wangu alianguka, upande mmoja wa mwili ukafa. Shemeji alifika siku ya tatu. Alinipa mkono, akaniita shemeji kama zamani. Nyuma ya pikipiki alikuwa amefunga sufuria.

Aliweka mafiga yake matatu upande wa pili wa ua, karibu na migomba, akapika mwenyewe. Nilimpelekea kuni, akasema asante. Nilipompelekea mume wangu sahani yangu, aligeuza uso kuelekea mlangoni. Ulimi wake ulikuwa mzito, lakini nilimsikia vizuri.

"Nitakula ya mudogo wangu. Sufuria moja."

Shemeji alimlisha kwa mkono, wali kidogo kidogo, anamfuta mdomo, wanaongea Kibangubangu cha utoto wao. Mimi nilikaa kwenye mlango wa jiko na sahani iliyokataliwa. Sikulia. Niliila mwenyewe, kwa sababu chakula hakitupwi.

Kabla hajaondoka nilipiga magoti mbele ya mafiga yake. Aliniinua haraka, kama mtu aliyeona aibu kwa ajili yangu.

"Nilikusamehe zamani, shemeji," akasema. "Lakini kesho nikikuuliza nani alichinja, nitajuaje kama unasema kweli?"

Nikamshikia sufuria wakati anaifunga kwenye pikipiki.

Sasa anakuja kila mwezi. Mume wangu anasikia pikipiki kabla yangu, anaanza kujivuta kwenye kiti. Wanakula wawili kule kwenye migomba. Siku hizo mimi napika chakula cha mtu mmoja, na bado sijazoea kipimo; kila mara kinabaki.

Wewe unayesoma hapa, siku yako ya heshima itafika, na mtu wako atachelewa njiani. Mwache mbuzi kwenye kamba. Pika sombe, iweke mezani mbele ya wageni wakubwa, wakikutazama uwaambie: mwenye kisu bado hajafika.